Kifyonza vumbi cha wati 2400 kinashindwa na cha wati 1200: wati zinapima nini hasa?

Shangani Chini — #1

Wakuu, salaam.

Naendesha nyumba ya kulala wageni huku Shangani, Mtwara. Wageni wakitoka ufukweni wanaingia na mchanga mpaka kitandani, na baadhi ya vyumba vina mazulia ya manyoya. Miaka yote tumetumia kifyonza vumbi alichotuachia mjomba aliyekuwa akiishi Uingereza. Kibandiko chake cha chini kinasomeka wati 1200. Kinafanya kazi mpaka leo, ila mpira umeanza kupasuka, nikaona bora ninunue kipya.

Muuzaji akanionyesha cha wati 2400, akasema nguvu zake ni mara mbili ya changu. Nikalipa. Kelele zake unazisikia ukiwa barabarani, lakini ukishapita nacho kwenye zulia kisha ukalipiga kwa kiganja, mchanga unaruka. Cha zamani ukikipitisha hapohapo, unausikia mchanga ukigonga ndani ya bomba.

Msimamo wangu ni kwamba wati za kwenye boksi ni namba za kuuzia, hazina uhusiano na usafi. Mwenye hoja tofauti aje nayo, maana nataka kununua vingine viwili na sitaki kuingia mkenge.

Korosho Ghafi — #2

Njomba, Mtwara na zulia la manyoya wapi na wapi, na joto hili? Toa mazulia, weka tailizi, nunua fagio la chelewa. Kesi imekwisha.

Binti Mikindani — #3

Korosho Ghafi, mgeni akilipia chumba anataka akanyage kitu laini, tailizi anazo kwake.

Mleta uzi, kabla hatujafika mbali: kwenye mkono wa bomba, pale unaposhika, kuna kidirisha kidogo cha kusukuma kwa kidole gumba. Kikiwa wazi, hewa inaingilia pale badala ya kupitia kichwani. Kimewekwa ili kichwa kisigande kwenye mapazia na zulia laini. Nimeona wasichana wa usafi wanakitumia mwaka mzima kikiwa wazi bila kujua. Kifunge, jaribu tena, rudi.

Fundi Kaboni — #4

Nimefungua mashine hizi nyingi, nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Wati zilizoandikwa ni umeme unaoingia kwenye mota. Ni ulaji wake, siyo kazi inayotoka. Ndani mle kuna mota yenye amecha (sehemu inayozunguka) na kaboni mbili (vipande vinavyoigusa na kuipelekea umeme), ileile jamii ya mota ya blenda na drili, inazunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Amecha inazungusha feni, feni inatoa hewa ndani ya chumba chake, pale panabaki pungufu ya hewa, basi hewa ya nje inakimbilia kujaza na inabeba vumbi njiani. Katika safari hiyo umeme mwingi unaishia kuwa joto na kelele. Kinachobaki kama mvuto ni sehemu ndogo tu.

Kwa hiyo feni ikiwa ya hovyo, au ina mwanya mkubwa kati yake na kifuniko chake, hata umpe wati 3000 anakula tu. Kelele unazozisikia mpaka barabarani, mkuu, ni umeme wako huo unapotea hewani.

Mwalimu wa Chuno — #5

Fundi ameeleza vizuri. Naongeza upande wa vipimo, kwa sababu hapo ndipo watu wanapochanganya mambo mawili.

Kwanza kuna mvuto ukiziba bomba kabisa. Hupimwa kwa kilopaskali. Hapo mvuto uko juu kabisa lakini hewa haitembei, na vumbi halitembei bila hewa. Pili kuna wingi wa hewa inayopita bomba likiwa wazi kabisa, lita kwa sekunde. Hapo hewa ni nyingi lakini mvuto umeshuka karibu na sifuri. Kazi halisi ya kusafisha inafanyika katikati. Zidisha kilopaskali kwa lita kwa sekunde unapata wati za hewa: hewa lita 30 kwa sekunde kwenye kilopaskali 10 ni wati 300. Hizo ndizo wati ambazo mnunuzi alipaswa kuuliza, na kwenye maboksi mengi hutaziona.

Na tuelewane jambo moja. Mashine haivuti chochote. Hewa ya nje ndiyo inayosukuma. Ni kama pampu ya kisima inayokaa juu: hata uifunge injini ya lori, maji hayatapanda zaidi ya mita 10 hivi, kwa sababu anayeyapandisha ni uzito wa hewa ya nje, na una mwisho wake. Ukubwa wa mota peke yake hauongezi kitu pale njia ya hewa ilipobana.

Lindi Kwetu — #6

Nafanya kazi ya kusafisha makochi na mazulia hapa Lindi mjini, mpaka Mingoyo naitwa. Natumia ile ya ndoo kubwa yenye mota tatu, imeandikwa wati 3000. Maana yake ni mota tatu za wati 1000 zikiwa sambamba, kila moja na swichi yake. Mota ya pili na ya tatu zinaongeza wingi wa hewa, haziongezi ule mvuto wa mwisho. Kwenye kochi lililolowa nahitaji hewa nyingi, nawasha zote. Kwenye pembe za dirisha nawasha moja na sioni tofauti.

Tahadhari kwa wenye mashine kama yangu: chini ya kila mota kuna kifuniko chepesi kinachojifunga mota ikizimwa. Kikipotea, hewa inarudi kupitia mota iliyolala na mashine nzima inakosa nguvu. Nilinunua moja iliyotumika ikiwa na tatizo hilohilo, mwenyewe alidhani mota zimekufa.

Masasi Kwa Mawe — #7

Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni umeme. Huku kwetu jioni unakuta volti 190, siku nyingine chini ya hapo. Mota iliyotengenezewa volti 230 itafanya nini? Halafu mtu anachomeka kwenye ekstensheni ya waya mwembamba wa mita 30. Mleta uzi nunua stebilaiza, utatushukuru.

Fundi Kaboni — #8

Masasi, umeme mdogo unapunguza kasi, nakubali. Lakini ekstensheni tusiisingizie bila hesabu. Waya wa milimita za mraba 0.75, mita 30, kama ni shaba ya kweli, kwa ampia 6 unapoteza volti 8 hivi. Hiyo haiwezi kugeuza mashine nzima kuwa bure. Waya wa alumini uliopakwa shaba juu ndio mbaya zaidi, huo upoteaji wake ni mkubwa na unachemka. Ushike kwa mkono baada ya kazi, utajua.

Halafu mashine zote mbili za mleta uzi zinatumia soketi ileile. Kwa nini umeme mdogo umwonee mpya tu?

Masasi Kwa Mawe — #9

Kwa sababu mpya anavuta ampia nyingi zaidi, waya uleule unapoteza volti nyingi zaidi. Hesabu hiyo umeifanya mwenyewe hapo juu.

Newala Juu — #10

Wazungu walishalimaliza hili. Ulaya walipiga marufuku mashine za zaidi ya wati 900 mwaka 2014, na usafi wao haujashuka. Aliyegundua kifyonza vumbi, Dyson, ndiye aliyepigania hilo.

Mtama Barabarani — #11

Newala, tunyooshe kidogo. Mwaka 2014, mwezi wa Septemba, kikomo cha Umoja wa Ulaya kilikuwa wati 1600. Wati 900 zilikuja Septemba 2017, pamoja na kikomo cha kelele cha desibeli 80. Pia mashine ilitakiwa ithibitishe inaondoa vumbi kiasi fulani kwenye zulia na kwenye sakafu ngumu, siyo kupunguza wati tu.

James Dyson hakuwa wa kwanza. Hubert Cecil Booth wa London alikuwa na yake mwaka 1901, dude la injini linalovutwa na farasi, linaegeshwa nje ya nyumba na mipira inaingizwa madirishani. Huko Ohio, Marekani, James Murray Spangler aliyekuwa mfagizi na mgonjwa wa pumu alitengeneza ndogo ya umeme, hataza yake ni ya 1908, na familia ya Hoover ndiyo iliyoifanya biashara. Dyson alileta ya sikloni, inayotenga vumbi kwa kuzungusha hewa, isiyo na mfuko, na ile ya kwanza kwa jina lake ilitoka 1993.

Na kuhusu kupigania: kampuni yake iliishtaki Tume ya Ulaya juu ya lebo ya daraja za umeme, kwa hoja kwamba vipimo vilifanywa mfuko ukiwa mtupu, wakati nyumbani mfuko unajaa. Mahakama ilikubali mwaka 2018 na lebo ikaondolewa mwaka uliofuata. Kikomo cha wati 900 chenyewe kilibaki.

Korosho Ghafi — #12

Huyu wa Mtama asipewe korosho za bure, atatumaliza.

Kitangari Yetu — #13

Nina swali ndani ya swali. Kwa nini ukiziba mdomo wa bomba kwa kiganja mota inapiga kelele kali zaidi? Mimi naona hapo ndipo inapokazana na kula umeme mwingi. Ya kwangu ilifia hapo, soksi ilinasa kwenye mpira, ikapiga kelele, ikatoa harufu, ikanyamaza.

Mwalimu wa Chuno — #14

Ni kinyume chake. Ukiziba, feni haina hewa ya kusukuma, mzigo umepungua, ndiyo maana inazunguka kwa kasi zaidi na mlio unapanda. Umeme unaoliwa unashuka.

Kitangari Yetu — #15

Mwalimu, nakuheshimu, lakini mashine isiyo na mzigo inaunguaje?

Fundi Kaboni — #16

Inaungua kwa kukosa upepo. Mashine nyingi za nyumbani, hewa ileile iliyobeba vumbi ikishachujwa inapita katikati ya mota na kuipoza. Ukiziba bomba umeikata pumzi. Koili zinapanda joto, vanishi inaanza kunuka. Nyingine zina kikatio cha joto, zinajizima, unasubiri zipoe ndipo ziwake. Wengine wanadhani imekufa na kuitupa.

Zile za ndoo za kufyonza maji ni tofauti, mota ina feni yake ndogo juu ya kuipoza, hewa chafu haiigusi.

Shangani Chini — #17

Wakuu nimerudi. Binti Mikindani, kidirisha kilikuwa kimefungwa kwenye zote mbili. Mpya haina mfuko, ni ya sikloni na kichungi cha HEPA, kile cha kunasa vumbi laini sana, nyuma. Ya zamani ni ya ndoo, ina mfuko wa kitambaa. Vichungi vimekung'utwa vyote. Nimechomeka ukutani moja kwa moja, bila ekstensheni, na haijabadilika. Nifanye nini sasa ili tujue mbivu na mbichi?

Nanguruwe Stendi — #18

Una mita ya LUKU? Ina taa nyekundu inayopiga. Kwenye uso wa mita imeandikwa mapigo mangapi kwa uniti moja, yangu ni 1000, yako soma mwenyewe. Zima kila kitu ndani, mpaka friji. Washa kifyonza vumbi peke yake, hesabu mapigo kwa dakika nzima. Kama ni 1000 kwa uniti, zidisha mapigo ya dakika moja kwa 60, jibu ni wati. Mashine ya wati 2400 inatakiwa ipige mara 40 kwa dakika. Ya 1200 mara 20. Hapo utajua kama boksi linasema kweli.

Mwalimu wa Chuno — #19

Kipimo kizuri sana hicho, hakina gharama. Naongeza cha pili kwa ajili ya mvuto. Tafuta mpira wa plastiki unaoangaza, ule wa mafundi wa kupima usawa wa msingi. Upande mmoja ufunge mdomoni mwa bomba la mashine usivujishe hewa hata kidogo, upande wa pili utumbukize kwenye ndoo ya maji. Washa, uone maji yanapanda kiasi gani. Kila kilopaskali 1 ni sentimita 10 hivi za maji. Yakipanda mita 2 una kilopaskali 20.

Fundi Kaboni — #20

Mwalimu subiri, huyu akifanya hivyo sebuleni atainywesha mashine maji na mota itapasuka. Mkuu, weka mashine ghorofani, ndoo iwe chini, mpira usipungue mita 3 kwenda juu wima. Maji hayatafika. Na usiiache zaidi ya sekunde chache, kumbuka nilichosema juu ya kuikata pumzi.

Shangani Chini — #21

Nimevifanya vyote viwili, kijana wangu akishika simu na kurekodi.

Mita yangu nayo ni 1000. Ya zamani: mapigo 19 kwa dakika, yaani wati 1140. Mpya iliyoandikwa 2400: mapigo 23, wati 1380. Umeme wakati huo ulikuwa volti 205 kwa mita ya fundi umeme wa jirani.

Maji: ya zamani yalipanda kupita mita 2 kidogo. Mpya, karibu palepale, tofauti ni upana wa kiganja.

Sasa ndio nimechanganyikiwa kabisa. Boksi limedanganya, sawa. Lakini bado mpya inakula zaidi ya ya zamani, na maji yanapanda karibu sawa. Kwa nini mchanga hautoki?

Masasi Kwa Mawe — #22

Volti 205. Nilisema.

Nanguruwe Stendi — #23

Masasi, hata tukisema ulaji unashuka kwa mraba wa volti, 2400 kwenye volti 205 ilitakiwa ibaki 1900 hivi. Amepata 1380. Wati 500 zimekwenda wapi? Hapo ni kibandiko.

Tandahimba Mnadani — #24

Siyo lazima iwe uongo moja kwa moja. Angalia kama kabla ya namba wameandika neno la kiwango cha juu. Wengine wanaandika ule mruko wa sekunde ya kwanza mota inapoanza kuzunguka. Wamarekani nao wana lao: vile vifyonza vumbi vya ndoo vya karakana unakuta vimeandikwa nguvu farasi 5. Nguvu farasi moja ni wati 746, kwa hiyo tano ni wati 3730. Soketi yao ya kawaida ni volti 120 na ampia 15, wati 1800 basi. Hizo nyingine zinatoka wapi? Ndiyo maana mashine zao za maana zinaandikwa ampia, mfano 12, unajihesabia mwenyewe.

Binti Mikindani — #25

Mimi nasema mmesahau kichwa. Mazulia ya manyoya marefu yanaficha mchanga chini kabisa, kwenye mizizi. Hewa inapita juu ya manyoya na kurudi, mchanga umelala. Ndiyo maana zipo zenye brashi inayozunguka kichwani, inapiga zulia na kuufumua mchanga, halafu hewa inabeba. Mashine ndogo yenye brashi hiyo inaishinda kubwa isiyo nayo, kwenye zulia. Kwenye tailizi haina faida, inarusha punje za mchanga pembeni.

Na mwendo! Wasichana wetu wanasukuma kama wanapiga deki. Polepole, mbele na nyuma, mstari kwa mstari.

Shangani, toa kichwa cha ile ya zamani, kivalishe mpya.

Shangani Chini — #26

Havilingani, dada. Bomba la zamani ni milimita 32, mpya 35. Nimezungushia bomba dogo utepe wa mafundi bomba mpaka likabana.

Matokeo: kuna nafuu ya wazi. Mchanga unasikika bombani. Ila ukipiga zulia bado unaruka, kidogo kuliko mwanzo, na ya zamani ikipita baada yake inatoa mwingine.

Binti Mikindani — #27

Ahsante. Kichwa basi.

Lindi Kwetu — #28

Kichwa nusu, dada. Nusu nyingine ni hewa kutotembea. Sikloni inazungusha hewa kwa kasi kubwa ili vumbi lirushwe pembeni, na mzunguko huo unakula nguvu. Kisha HEPA, karatasi inayonasa hata chembe ndogo kuliko unavyoziona, nayo inazuia. Mfuko wa kitambaa wa zamani una uso mkubwa, hewa inapita kirahisi ukiwa haujajaa. Faida yake ipo, HEPA haikurudishii vumbi chumbani, mwenye pumu anaijua tofauti. Lakini kwa mchanga wa Shangani unalipa nguvu kubwa kunasa kitu ambacho hata chandarua kingekinasa.

Chikongola Sokoni — #29

Samahani naingilia kwa jambo langu. Msimu wa kupulizia mikorosho ukianza, mwezi wa sita hivi, tunaweka mifuko ya salfa stoo nyuma ya nyumba. Mfuko wa kilo 25 umepasuka, unga umesambaa sakafuni na kwenye mikeka. Je, kifyonza vumbi cha kawaida kinafaa? Naona mnasema HEPA inanasa vitu vidogo.

Fundi Kaboni — #30

USITHUBUTU. Naandika kwa herufi kubwa kwa makusudi. Kaboni za mota zinatoa cheche muda wote zikigusa amecha, toa kifuniko gizani utaziona, za bluu. Unga wa salfa ukiwa hewani unawaka kwa cheche ndogo mno, na ndani ya chombo kilichofungwa unalipuka. Na hewa inayopita kwenye mota, si tumesema hapo juu, ni ileile iliyotoka kwenye vumbi. Kichungi kikiwa na tundu moja tu, umepeleka salfa kwenye cheche.

Korosho Ghafi — #31

Hapa naweka utani pembeni, mimi mkulima. Fungua milango, zima moto wote, hata jiko la mkaa la jirani kama lipo karibu. Nyunyizia maji kidogo, mvua ya manyunyu, siyo ndoo, ili unga usiruke. Kusanya polepole kwa fagio laini na kizoleo cha plastiki, siyo cha bati, weka kwenye mfuko. Mikeka ipeleke nje ufute kwa kitambaa kibichi. Funga pua na macho, salfa ikiingia machoni utalia mpaka jioni. Na watoto wasilale chumba hicho mpaka pawe pasafi.

Chikongola Sokoni — #32

Shukrani sana wote wawili. Nilikuwa tayari nimeazima mashine.

Fundi Kaboni — #33

Afadhali umeuliza. Unga wa saruji wenyewe haulipuki, lakini unaziba kichungi ndani ya dakika chache, na ukikutana na unyevu unaganda humohumo. Watu wanachukua mashine ya nyumbani ikasafishe chumba kilichokatwa tailizi, kesho yake naletewa mimi.

Turudi kwa Shangani. Nimeshafungua ya aina ile ya zamani, ya ndoo. Mota yake mara nyingi ina feni mbili zilizopandana, ya pili inapokea hewa kutoka kwa ya kwanza na kuiongezea. Hizi mpya za bei ya chini nazozifungua zina feni moja nyembamba ya alumini, ukiishika ukingoni inacheza. Siri iko kwenye feni.

Mwalimu wa Chuno — #34

Fundi, kama siri ingekuwa feni mbili, maji yangepanda juu zaidi kwa ile ya zamani. Yamepanda karibu sawa. Feni ya mpya kwa mvuto haina kosa.

Fundi Kaboni — #35

Kipimo chako cha maji, Mwalimu, kinafanyika hewa ikiwa imesimama. Hewa ikisimama, sikloni haizuii kitu, kichungi hakizuii kitu, mpira mrefu hauzuii kitu. Vizuizi vinaonekana hewa ikianza kutembea. Kwa hiyo kipimo hicho hakimtetei yeyote, wala feni wala kichungi. Na ulisema mwenyewe namba 5 kwamba ukiziba bomba vumbi halitembei.

Mwalimu wa Chuno — #36

Hoja imekaa sawa. Basi tupime hewa inayotembea. Lakini asiondoe kichungi ili kulinganisha, vumbi litaingia kwenye mota.

Lindi Kwetu — #37

Mfuko wa nailoni wa kuwekea taka, ule mkubwa wa lita 100. Ujaze hewa kwa kuukung'uta, mdomo wake ufunge kwenye bomba kwa mpira wa baiskeli, washa, rekodi kwa simu mpaka unyauke. Lita 100 zikiisha kwa sekunde 3, mashine inapitisha lita 33 hivi kwa sekunde. Ikichukua sekunde 5, ni 20. Afanye kwa zote mbili, kichwa kikiwa kimetolewa.

Masasi Kwa Mawe — #38

Na afanye mara moja mchana na mara moja saa mbili usiku, umeme ukiwa umeshuka. Mtaona.

Fundi Kaboni — #39

Lindi, mfuko ukibaki robo utanyonywa mdomoni na kuziba, sekunde za mwisho zitadanganya. Ahesabu mpaka nusu tu.

Shangani Chini — #40

Mfuko wa taka ninao. Mpira wa baiskeli nautafuta. Kama kuna mwenye kichwa cha brashi inayozunguka kinachoingia bomba la milimita 35, anayeuza hapa Mtwara au Lindi, aniambie bei hapahapa.